Kura Moja Iliyopungua

Waliokuwa wakisubiri sehemu ya pili ya ugomvi wa pilau, ya Mombasa na ya Unguja, wanisamehe. Wapishi wenyewe hawajapatana, na mimi nimechoka kuitwa msaliti na pande zote mbili. Leo nina deni la tangu mwaka jana. Niliahidi kueleza kwa nini siku ile ya Juni nilikosa mkutano wa klabu, simu nimeizima, na kesho yake nikaonekana kama mtu aliyekesha msibani. Nilikuwa nasimamia uchaguzi.

Msicheke. Wengi wenu mnajua kwamba mwaka juzi niliapa kuwa raia wa nchi hii. Miezi michache baadaye nikaona tangazo kwamba mji wetu unatafuta watu wa kufanya kazi kwenye vituo vya kupigia kura, uchaguzi wa mchujo wa meya na madiwani. Nikajaza fomu, nikahudhuria mafunzo ya saa tatu, nikafanya mtihani, nikapewa beji. Mama yangu Tanga alipoiona picha ya beji aliuliza swali moja tu: "Na wewe umo kwenye hiyo tume? Wasije wakakupiga."

Kabla sijaendelea, tukae kidogo na neno lenyewe. Wakenya wanasema mchujo, nami nalipenda, maana unauona kabisa: chujio, tui, na machicha yanayobaki juu. Watanzania tunasema kura za maoni, na ukilitazama vizuri neno hilo linasema kweli kuliko tunavyodhani. Kwetu, wanachama wanapiga kura, wanatoa maoni yao, halafu vikao vya juu vya chama vinakaa na kuamua. Aliyeongoza anaweza kukatwa jina na wa tatu akapeperusha bendera. Sote tuna mjomba au jirani aliyewahi kulala mshindi akaamka si mgombea.

Hapa Marekani mambo ni mengine, na hili ndilo lililonishangaza kwanza. Mchujo ni wa chama, lakini sehemu nyingi unaendeshwa na serikali: kaunti au mji ndio unaochapa karatasi, unaoajiri watu kama mimi, unaohesabu. Matokeo yakishaidhinishwa, chama hakina kikao cha kumkata mtu, hata kama wakubwa wake hawamtaki. Ndiyo maana kuidhinisha, jambo ambalo mimi nilidhani ni kupiga mhuri tu, kuna uzito wake. Mpaka siku hiyo mshindi ni mshindi wa televisheni.

Mtakumbuka kelele za Juni 24 mwaka jana, Zohran Mamdani aliposhinda mchujo wa Democratic kule New York. Kijana aliyezaliwa Kampala, baba yake Profesa Mahmood Mamdani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, basi kila Mwafrika Mashariki akawa na ndugu kwenye kinyang'anyiro. Simu kutoka nyumbani hazikukatika. "Ameapishwa lini?" Nikawa naeleza: bado, shangazi. Usiku ule zilihesabiwa chaguo za kwanza tu. New York mpiga kura anaweza kupanga wagombea mpaka watano kwa mfuatano. Anayeshika mkia anaondolewa, na kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata. Jumla ya mzunguko wa mwisho ilitoka wiki moja baadaye, Julai 1, asilimia 56 kwa 44 dhidi ya Andrew Cuomo. Halafu bado matokeo yaidhinishwe. Halafu bado uchaguzi wenyewe wa Novemba. Kiapo kilikuja Januari 1 mwaka huu. Shangazi aliona huo ni utaratibu wa watu wasio na kazi.

Lakini mji huo huo una sababu ya kutokuwa na haraka. Miaka minne kabla, Juni 29, 2021, Bodi ya Uchaguzi ya New York ilitoa hesabu ya awali ya kura zilizopangwa kwa chaguo, na saa chache baadaye ikaiondoa. Walikuwa wamesahau kufuta kura za majaribio, zile walizotumia kujaribu programu, takribani 135,000. Yaani kura hewa, ila za bahati mbaya. Zilipohesabiwa upya na kura za posta zikaingia, Eric Adams alimshinda Kathryn Garcia kwa kura 7,197, na matokeo yakaidhinishwa Julai 20. Piga hesabu mwenyewe: kosa la 135,000, ushindi wa elfu saba. Kama wangeidhinisha kwa papara, sijui leo tungekuwa tunasema nini.

Kisa cha Queens cha 2019 ni kidogo zaidi na ndicho kinachoniuma zaidi. Mchujo wa mwendesha mashtaka wa wilaya. Usiku wa kura Tiffany Cabán aliongoza kwa kura zaidi ya elfu moja, akatangaza ushindi, watu wakacheza. Zikaja kura za posta na zile za bahasha, ambazo mtu hupiga jina lake lisipoonekana daftarini, na Melinda Katz akawa mbele kwa kura chache mno. Wakahesabu kwa mikono, karatasi moja moja, zaidi ya elfu tisini. Bodi ikaidhinisha Katz kwa tofauti ya kura 60. Na ubishi mkubwa mahakamani ulikuwa juu ya bahasha zilizokataliwa, baadhi kwa sababu mpiga kura hakujaza sehemu ya kuandika chama chake. Nafasi moja tupu kwenye bahasha, na kura yako imekwenda na maji.

Sasa turudi kituoni kwangu, ukumbi wa mazoezi wa shule moja ambayo sitaitaja.

Tuliingia saa kumi na moja alfajiri. Msimamizi wetu alikuwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu, aliyefanya kazi hii tangu kabla mimi sijazaliwa, na mkoba wake ulikuwa na vitu vitatu: kalamu, vitambaa vya kufumia na keki ya ndizi. Sheria yake ya kwanza: hakuna kitu kinachofanywa na mtu mmoja. Kufungua sanduku la karatasi, watu wawili, kila mmoja wa chama chake. Kusoma namba ya lakiri, wawili. Hata kwenda kuchukua kalamu nyingine kwenye boksi, alinitazama mpaka mwenzangu akasimama. Saa kumi na mbili milango ikafunguliwa, na kabla ya mtu wa kwanza kupiga kura tulichapa ukanda wa mashine kuonyesha kwamba wagombea wote wana sifuri. Tukausaini wote. Rafiki yangu Mkenya nilipomsimulia aliuliza, "Kwa hivyo hata wao wana 34A yao?" Ndiyo, wanayo. Inafanana na risiti ya supamaketi, ila ndefu kama shuka.

Siku nzima kazi ni hiyo hiyo. Mtu anakuja, anasema jina, anasaini kwenye tableti, anapewa karatasi, anakwenda kwenye kibanda anajaza viduara kwa kalamu, halafu anaiingiza mwenyewe kwenye mashine ya kuskani. Mashine inaimeza na kuongeza moja. Saini na kura lazima zilingane. Bibi alikuwa akizilinganisha kila saa, kama mama anayehesabu watoto stendi.

Alasiri, joto la kuchemsha chai, akaingia mama mmoja, kitenge cha bluu, mkoba mkubwa begani. Msaidizi wa mezani akamuuliza jambo kwa Kiingereza, naye akatazama huku na huku kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Nikasimama. "Shikamoo mama." Uso ukafunguka. "Marahaba, mwanangu! Uko Mtanzania?" Ni mtu wa Uvira, amekaa Nyarugusu miaka, ameletwa huku, na uraia alikuwa ameupata masika hiyo hiyo. Maishani amepiga kura mara moja tu, Kongo, mwaka 2006, kabla hajakimbia tena.

Hapa niweke jambo ambalo wengi klabuni hawalijui, hata mimi sikulijua. Sheria ya haki ya kupiga kura ya nchi hii inalazimisha maeneo fulani kuchapa karatasi na maelezo kwa lugha nyingine, ila lugha zenyewe zimetajwa kwa makundi: Kihispania, lugha za watu wa asili ya Asia, za Wahindi wa Marekani na za wenyeji wa Alaska. Basi. Kiswahili, Kiamhari, Kisomali, Kihausa havimo, hata mkiwa laki moja mtaani. Kuna miji na majimbo yanayofanya kwa hiari yao, lakini sheria kuu haiwalazimishi. Kinachotusaidia ni kifungu kingine: asiyeweza kusoma karatasi ana haki ya kusaidiwa na mtu amtakaye, isipokuwa mwajiri wake au mtu wa chama chake cha wafanyakazi.

Mama akanichagua mimi. Bibi msimamizi akaita mwenzangu wa chama kingine akae kando, na nikaanza kumsomea. Alikasirika kidogo kuulizwa chama. "Kura si siri? Mbona wananiuliza chama mbele ya watu?" Nikaeleza kwamba mchujo wa hapa ni wa waliojiandikisha kwenye chama. Akaguna. Majina aliyajua, alikuwa amesikiliza mdahalo wa wagombea udiwani kanisani kwao, mjukuu akimtafsiria, na alijua anamtaka nani na kwa nini: ni yule aliyesema habari za basi la usiku, maana yeye anasafisha maofisi na hurudi saa saba. Akaniomba nisogee ajaze mwenyewe. Nikasogea. Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi: "Ukimaliza mama, ingiza kwenye mashine ile pale." Nikaonyesha kwa kidole. Wakati huo huo foleni ikaingia, watu wametoka kazini, nikaitwa mezani.

Saa tatu usiku tukafunga. Saini 287. Mashine 286.

Bibi hakupandisha sauti. Alisema tu, "Tuanze upya." Tukahesabu karatasi zilizobaki. Tukahesabu zilizoharibika, maana anayekosea hupewa nyingine na ile ya kwanza huwekwa kwenye bahasha yake. Tukafungua tumbo la mashine, tukatoa kura zote na kuzihesabu kwa mkono, wawili wawili: 286. Tukaangalia chini ya vibanda, kwenye ndoo za taka, nyuma ya mapazia. Nilipiga magoti na tochi ya simu kwenye sakafu ya mpira wa kikapu. Saa tano kasoro, bibi akachukua fomu, akaandika tofauti ni moja, sababu haijulikani, na tukasaini wote. Aliniambia nisione haya. Mtu husaini, akapigiwa simu, akaondoka na karatasi mfukoni. Hutokea.

Ni kweli hutokea. Agosti 2020, kwenye mchujo wa Detroit, asilimia 72 ya meza za kuhesabia kura za posta hazikulingana na daftari, nyingi kwa tofauti ndogo ndogo. Novemba ile bodi ya watu wanne ya kaunti ya Wayne, wawili kwa wawili, ikagawanyika kuhusu mambo hayo hayo, ikakataa kuidhinisha, halafu usiku huo huo ikakubali. Watu wa Michigan hawakusahau. Mwaka 2022 walipiga kura kuandika kwenye katiba yao kwamba kazi ya bodi ni ya kikarani, ya lazima, si ya hiari. Mwenye malalamiko aende mahakamani. Na kuna wale wa kaunti ya Otero, New Mexico, Juni 2022: makamishna watatu walikataa kuidhinisha mchujo kwa sababu hawaziamini mashine, bila kuonyesha kura hata moja yenye kasoro. Mahakama Kuu ya jimbo ikawaamuru. Wawili wakatii, wa tatu akabaki na hapana yake na kusema wazi kwamba haina ushahidi, ni hisia zake tu. Nasoma habari kama hiyo na kujiuliza: je, wapiga kura nao hawana hisia?

Siku kumi na mbili baadaye nikaenda kushuhudia kikao cha kuidhinisha cha kwetu. Hakuna aliyenituma, ile moja ilikuwa inanikosesha usingizi. Chumba kidogo, watu wanne mezani, karani, na sisi wasikilizaji tisa, wawili wakiwa wamelala. Wanasoma kituo kwa kituo. Kura za posta zilizochelewa, ngapi. Bahasha zilizokosa saini na wenyewe wakaitwa kusahihisha, ngapi. Walipofika kwetu karani akasoma: saini 287, kura 286, tofauti moja, haikuelezwa. Mzee mmoja aliyekuwa upande wa mgombea aliyeshindwa kwenye kata yetu akanyosha mkono. Hakuwa mkali. "Nataka kujua tu," alisema, "imekwenda wapi?"

Karani akamjibu kwa adabu. Kata ile mshindi alipatikana kwa tofauti ya kura 31, moja haibadilishi, tofauti imeandikwa na mtu yeyote anaweza kuisoma. Mzee akashukuru, akakaa. Bodi ikapiga kura, nne kwa sifuri. Dakika ishirini kikao kizima. Nilitoka nje nikiwa nimetulia. Hesabu ilikuwa imekaa mahali pake, hata ile yenye kasoro ilikuwa na mstari wake.

Utulivu huo ulidumu mpaka Agosti. Nilikwenda kwenye sherehe ya kipaimara ya watoto wa jumuiya ya Wakongo, nikamkuta yule mama jikoni anasonga ugali wa watu themanini. Akanikumbatia na mwiko mkononi. Tukaongea habari za nyumbani, habari za mjukuu, halafu akasema, bila wasiwasi wowote, "Mwanangu, ile karatasi yangu ningali ninayo. Siku ile sikuona sanduku."

Nikaomba kiti.

Yeye alitafuta sanduku. Uvira mwaka 2006 kulikuwa na sanduku, na kila mtu alijua kwamba karatasi inaingia humo. Mimi nilisema mashine. Akaitazama mashine, akaona ni ya fotokopi, ya aina ileile anayoifuta vumbi kila usiku ofisini. "Nikajiuliza, kura ni siri, nitaitolea fotokopi ya nini? Nani anataka kopi?" Akazunguka ukumbi akitafuta sanduku. Akanitazama, akaona nimezungukwa na watu. Basi lake lilikuwa linafika. Akaikunja, akaitia mkobani, akasema atauliza kanisani Jumapili wanapokea wapi.

Siku mbili za mafunzo ya maneno klabuni, wapenzi, tumebishana kama kisanduku ni tofauti na kasha. Na mimi, mtu wa safu, mtu wa Tanga ninayejigamba kwa lugha, nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja zaidi: mashine hii ndiyo sanduku, mama, karatasi inadondoka ndani na haitoki. Sikuisema.

Nilimweleza kwa upole kwamba kuondoka na karatasi kituoni hakuruhusiwi, na kwamba sasa haiwezi kuhesabiwa, kikao kimeshapita. Alishika mwiko akafikiri. Akauliza mtu wake alishinda? Nikamwambia ndiyo, kwa kura 31. "Bila mimi," akasema. Hakuwa analalamika, alisema kama mtu anayehesabu sahani.

Nilimwandikia karani, bila kutaja jina la mtu, nikaeleza sababu ya ile moja. Alinijibu siku ya pili, barua nzuri. Matokeo hayabadiliki na rekodi haifunguliwi. Bango la Kiswahili juu ya mashine hawezi kulibandika mpaka lipitishwe na ofisi ya jimbo, na ombi amelipeleka. Ila watu wanaojua Kiswahili na wanaostahili, alisema, atawapokea hata kesho, na atawapanga kwenye vituo vitatu ambako anadhani wanahitajika. Kwa sasa anao mmoja, na ndiye mimi.

Kwa hiyo hii ndiyo deni ninaloligawa. Walio raia na wamejiandikisha kupiga kura hapa, niandikieni kabla ya mwisho wa mwezi. Mafunzo ni Jumamosi moja tu na keki ya bibi ipo. Na nyinyi wa viza za masomo na wenye kadi ya kijani, tafadhali sana, msijiandikishe kupiga kura hata mtu akikuletea fomu mlangoni kwa tabasamu. Asiye raia anaweza kufukuzwa nchini kwa hilo. Iko miji michache, kama Takoma Park kule Maryland tangu 1992, inayowaruhusu wasio raia kwenye uchaguzi wa mji, lakini sheria ya New York ya namna hiyo ilifutwa na mahakama ya juu ya jimbo Machi mwaka jana, na mji wetu haumo. Nyinyi kazi yenu ni nyingine: nahitaji watu wa kukaa nami tuandike maelezo ya kituoni kwa Kiswahili ambacho mtu wa Uvira, wa Lamu na wa Bujumbura watakielewa wote bila kuuliza, ili bango likipita yawe tayari. Nimeanza na neno mashine na tayari nimelifuta mara nne.

Mama nilimpigia wiki iliyopita kumjulisha tarehe ya uchaguzi ujao. Alikuwa kazini, nikasikia mlio wa kifyonza vumbi. Karatasi anayo bado, ameiweka kwenye Biblia, kitabu cha Hesabu, nadhani kwa bahati tu. Aliuliza kama safari hii aje nayo.